Pambo la Chumba cha Ndani

Wahenga walisema kuwa nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii hutumika aghalabu kumwonya mtu asidanganywe na sura ya nje, nayo huishia hapo katika vinywa vya wengi. Lakini, ewe msomaji, ukiifuata kwa miguu yako itakufikisha mbali zaidi. Itakupitisha barazani, panapoketi wageni. Itakupitisha ukumbini, panapoliwa chakula. Kisha itakusimamisha mbele ya milango miwili ya mwisho, yaani mlango wa chumba cha kulala na mlango wa chooni. Hapo mgeni mwenye adabu hurudi nyuma. Na hapo ndipo lianzapo swali la insha hii: Je, yafaa mtu apambe chumba ambacho hapana ajaye kukitazama? Na kama yafaa, pambo la haki ni lipi?

Huenda ukadhani kuwa swali hili ni dogo, nalo lafaa kuachiwa maseremala na maharusi. Litazame tena. Sehemu kubwa ya wema wetu hutendwa mbele ya macho ya watu. Twafagia uani kwa sababu jirani apita; twavaa nguo safi kwa sababu twaenda sokoni. Chumba cha ndani hakina jirani wala soko. Lolote utakalolitenda humo utalitenda kwa ajili yako mwenyewe, au kwa ajili ya wale wachache wasio na nguvu ya kukusifu wala kukuaibisha: mtoto mchanga, mgonjwa, na mzee. Kwa hiyo anayeuliza namna ya kupamba chumba cha kulala auliza pia namna ya kuwatendea watu wasiotazamwa na mtu. Swali la namna hiyo si dogo.

Tuchukue mahali pamoja ili mawazo yetu yasielee hewani. Kusini ya Msambweni, katika Kaunti ya Kwale, kipo kijiji kiitwacho Bodo. Kimekaa kando ya mkono wa bahari, kikielekeana na kisiwa cha Funzi, karibu na mahali ambapo mto Ramisi hujitia baharini. Maji yajaapo, mashua huja karibu na mikoko. Yatokapo, huonekana tope jeusi, mizizi iliyopindana, na watu wakitembea kwa uangalifu. Mikoko hiyo ndiyo iliyowapa watu wa pwani boriti za dari na nguzo za nyumba, na minazi ndiyo iliyowapa makuti ya kuezekea. Mtu wa zamani hapa hakuhitaji kuagiza nyumba kutoka mbali. Miti ilikuwa majini, udongo chini ya miguu yake, chokaa katika matumbawe yaliyochomwa, na paa lilining'inia juu ya minazi likingoja kushonwa.

Katika zama zetu nyumba za namna mbili zimekaribiana katika pwani hii, kutoka Diani mpaka Funzi. Ya kwanza ni nyumba ya mkaaji, ambayo imeezekwa makuti kwa kuwa mwenyewe hajapata fedha za mabati. Ya pili ni nyumba ya mgeni wa mapumziko, ambayo imeezekwa makuti kwa kuwa mwenyewe amechoka na mabati, saruji, na vioo vya mjini. Ndani ya nyumba hii ya pili utakuta kitanda kilichoundwa kwa mbao za jahazi kuukuu, chandarua cheupe kilichotandazwa kama tanga, wavu wa mvuvi uliotundikwa ukutani, na bafu lililotiwa magamba ya baharini. Mambo yaliyo shida katika nyumba moja yamekuwa pambo katika nyingine. Tutarejea kwenye jambo hili, maana lina kesi yake.

Kwanza tupambanue maneno. Kupamba si kuficha. Mtu atundikaye pazia zuri juu ya ukuta uliooza hakupamba, ameahirisha aibu. Vivyo hivyo mtu anyunyizaye marashi katika choo kisichooshwa amechanganya harufu mbili tu. Mkakasi hujulikana kwa methali yake: uzuri wa nje, ndani kipande cha mti. Pambo la kweli huja juu ya kitu kilicho sawa tayari, nalo huonyesha usawa wake, kama nakshi ionyeshavyo ubora wa mbao. Kwa hiyo katika chumba cha ndani yako madaraja matatu, nayo yatupasa kuyapanda kwa utaratibu: kwanza usafi, pili manufaa, tatu uzuri. Arukaye daraja la kwanza na la pili ili afikie la tatu huanguka.

Walakini asikudanganye mtu kuwa daraja la tatu si la lazima. Angalia mkeka wa kulalia. Ukindu huchanwa, huanikwa, hutiwa rangi, husukwa kuwa ukili, na ukili hushonwa duru kwa duru mpaka ukawa mkeka. Kama haja ingekuwa kuuzuia mwili usiguse ardhi tu, kazi ya rangi ingekuwa bure, na jamvi lisilo na rangi lingetosha. Basi kwa nini mwanamke wa pwani, mwenye kazi nyingi na mchana mfupi, atie zambarau, na wekundu, na weusi katika kitu kitakachofunikwa na shuka na kulaliwa gizani? Hakufanya hivyo kwa kukosa kazi. Alijua kuwa atakayelala juu yake ni mtu, naye hakuwa radhi mtu wake alale kama mzigo. Hapo pana elimu kubwa, ambayo haikuandikwa kitabuni bali ilisukwa kwa vidole.

Watu wa zamani wa pwani yetu walilielewa jambo hili. Nenda Lamu utazame nyumba za mawe za karne ya 18. Ukuta wake wa barabarani ni mkavu, hauna madirisha makubwa wala mapambo mengi, isipokuwa mlango. Lakini kadiri uingiavyo ndani ndivyo nakshi za chokaa zizidivyo, mpaka ufike chumba cha ndani kabisa, ambako zidaka zimepangwa ukutani safu juu ya safu. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Unguja, alieleza katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1886 jinsi vyumba vya nyumbani kwao vilivyokuwa na matundu ya ukutani yaliyojazwa vyombo vya kaure na vya kioo. Katika nyumba za Lamu chumba cha ndani ndicho walichozaliwa watoto, na huko ndani ndiko maiti alikooshwa na kuvikwa sanda. Basi hawa waliweka uzuri wao mwingi mahali ambapo binadamu huingia duniani na mahali atokapo, wakaiachia barabara ukuta mtupu.

Hata chooni hawakupasahau. Huko Gede, mji ambao James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948, nyumba zake za kale zina vyoo na mahali pa kuogea palipojengwa ndani ya kuta zake. Huko Kilwa Kisiwani, katika jumba la Husuni Kubwa lililojengwa katika karne ya 14, lipo birika la kuogea lenye pande nane, lililokatwa kwa ustadi juu ya bahari. Huko Kidichi, Unguja, Sultani Said alijenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, na kuta zake zikatiwa nakshi za maua na ndege. Na katika nyumba za Lamu birika la chooni liliwekewa bakuli la kaure chini kabisa, ndani ya maji, na visamaki viliachwa humo vikila mabuu ya mbu. Tafakari jambo hilo, msomaji. Bakuli lilikuwa pambo. Samaki alikuwa afya. Na yote mawili yaliishi katika maji mamoja bila ya ugomvi.

Mtembezi Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliona misikiti ya mbao, na milangoni pake visima vifupi, na chombo cha mti chenye mpini mwembamba cha kutekea maji, na mkeka mgumu wa kupangusia miguu. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa chombo hicho. Nyumbani kwake ipo kata ya kifuu iliyo ndugu yake. Nami nakutajia kata hii kwa makusudi, maana ni mfano wa madaraja yetu matatu. Ni safi, kwani huninginizwa ikakauka. Ni yenye manufaa, kwani yachota maji kwa kiasi wala haimwagi. Na ni nzuri, kwani kifuu kikisuguliwa hung'aa kama kiatu kipya. Thamani yake ni ndogo, nayo imepata yote matatu.

Lakini haifai kusifu jana kwa jicho moja. Yale maji ya birika la Lamu na la Unguja hayakuingia yenyewe. Yaliletwa vichwani na watu, na wengi wao walikuwa watumwa. Hali ya utumwa iliondolewa kisheria Unguja mwaka 1897 na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kabla ya hapo, kila nakshi nzuri ya chumba cha ndani ilikuwa na mkono nyuma yake, na mara nyingi mkono huo haukuruhusiwa kulala katika chumba ilichokipamba. Basi hapa twapata kanuni ya kwanza ya pambo la haki: kabla ya kuuliza kama chumba ni kizuri, uliza ni nani achukuaye maji yake. Utumwa umekwisha, lakini swali halikwisha. Ikiwa dada yako aamka alfajiri kwenda kisimani ili wewe uoge, nawe waoga kwa madoo mawili ukiimba, kisha waacha bafu limelowa ili aje alikaushe yeye, basi bafu lako halina pambo, hata likitiwa marumaru. Kaka aliyechukua ndoo yake mwenyewe amelipamba bafu hilo kuliko fundi.

Sasa tuwasikilize wapinzani wetu, kwa kuwa hoja isiyopingwa ni kama mashua isiyopata upepo. Wa kwanza atasema: "Haya ni maneno ya watu walioshiba. Mwenye njaa hapambi chumba." Neno lake lina uzito, wala hatutalipuuza. Katika pwani ya Kwale malaria ni adui wa kila mwaka. Basi mzazi mwenye fedha za kitu kimoja tu anunue chandarua, si pazia. Vilevile mwamba wa matumbawe una nyufa nyingi, nayo maji machafu hupita humo upesi. Basi familia inayochimba choo ikitenge na kisima. Wataalamu hutaja umbali usiopungua mita 30, na mahali penye mwamba wenye nyufa hutaka zaidi. Mtu aliyechora maua juu ya mlango wa choo kilicho karibu na kisima amewapambia watoto wake ugonjwa. Hapo mpinzani ameshinda, nasi twampa haki yake.

Lakini asizidi kipimo. Adai kwamba maskini hana haki ya uzuri mpaka atajirike, nasi tutamkatalia. Asmini huchanua uani bila ya kuomba fedha. Mkadi hunukia, nao huwekwa kati ya nguo. Mrehani huota penye maji yaliyomwagwa. Kanga iliyochakaa yaweza kukatwa ikawa pazia la mlango, na chokaa nyeupe hung'arisha ukuta na kuongeza nuru kwa gharama ndogo. Kitanda cha kamba kilicholegea chaweza kukazwa jioni moja, na matendegu yake yakasuguliwa kwa mchanga. Umaskini huweza kumnyang'anya mtu vitu vingi, na hana budi kuvikosa. Lakini akimshawishi pia aache kutengeneza kile kilicho mkononi mwake, amemnyang'anya kwa ruhusa yake mwenyewe. Mama aliyetia ukili rangi hakuwa tajiri.

Mpinzani wa pili atasema: "Chumba cha mgeni ndicho kipambwe, kwani heshima ya nyumba ni mgeni." Hili nalo ni neno la pwani, nalo ni zuri. Sisi ni watu wa kukaribisha. Lakini katika nyumba nyingi utaona godoro jipya limefungwa katika chumba cha mgeni ambaye huja mara moja kwa mwaka, huku bibi wa nyumba, aliyewalea watu watatu wa vizazi vitatu, alala juu ya mkeka uliochanika miezi kumi na miwili. Akiulizwa husema, "Mimi nimezoea." Neno hilo "nimezoea" ni neno la kuogopwa. Aghalabu husemwa na mtu aliyekwisha kukata tamaa ya kuulizwa. Ukarimu ambao gharama yake hulipwa na mtu mmoja tu, tena aliye dhaifu, si ukarimu wa nyumba. Ni sadaka ya mtu huyo iliyotolewa bila ya hiari yake. Sisemi mgeni alale chini. Nasema bibi asilale chini kwa sababu ya mgeni ambaye hajafika. Godoro litandikwe leo chini ya mgongo wa bibi. Siku mgeni ajapo, bibi mwenyewe, kwa heshima yake, ataamua nani alale wapi. Hapo ukarimu utakuwa wake.

Sasa turejee kwenye ile kesi tuliyoiahirisha. Je, ni vibaya kwa mwenye mali kujenga nyumba ya makuti kando ya maji ya Bodo au ya Funzi, na kukipamba chumba chake cha kulala kwa wavu na dema na makasia ya mvuvi? Wako wasemao kuwa ni dhihaka, kwamba mtu huyu amefanya mchezo wa umaskini wa jirani yake. Wako wasemao kuwa ni heshima, kwamba amekiona kizuri ambacho wenyewe wamekidharau. Mimi naona kila upande umeshika nusu ya kamba.

Kuna ukweli kwamba makuti ni paa zuri. Hupitisha hewa, hupoza chumba, na sauti ya mvua juu yake ni ya upole kuliko juu ya bati. Kijana wa pwani anayeyadharau makuti kwa sababu ni ya kwao tu, akasifu kila kitu kilichokuja kwa meli, amejidharau mwenyewe. Lakini kuna ukweli pia kwamba makuti huchakaa na kuhitaji kushonwa mengine baada ya miaka michache, huhifadhi wadudu, na cheche moja ya moto huyamaliza kabla jirani hajaamka. Mgeni wa mapumziko huyaona makuti kwa siku saba. Mama wa Bodo huyaona kwa mvua zote za masika. Kwa hiyo mama huyo akitamani mabati, usimwambie kuwa amepoteza utamaduni. Mwenye kulala chini ya paa ndiye mwenye haki ya kulichagua. Uzuri ambao mtu mwingine ashikwe katika shida ili upate kutazamwa si uzuri wa haki.

Basi kipimo cha nyumba ya mgeni ni hiki: Je, seremala aliyeunda kitanda amelipwa ujira wake? Je, mikeka ilinunuliwa kwa bei ambayo mshonaji angeitaja mwenyewe bila ya haya? Je, wavu ule ukutani ulikuwa mbovu umestaafu, au ulinunuliwa kwa mvuvi mwenye njaa ambaye kesho hana wa kuvulia? Na je, maji yanayomwagika katika bafu la mgeni yamepunguza ndoo ya kijiji? Majibu yakiwa mema, chumba kile ni ushirikiano baina ya mtu na mtu, na mwenyeji aweza kukisifu pamoja na mgeni. Yakiwa mabaya, hakuna uzuri wa nakshi utakaokitakasa.

Liko na pambo jingine ambalo halina budi kukatazwa waziwazi. Bafu za nyumba za ufukweni hupendwa kupambwa kwa kauri, kwa makombe makubwa, kwa matumbawe, na hata kwa gamba la kasa. Vitu hivi huonekana havina mwenyewe, kwa kuwa bahari haipigi kelele inapoibiwa. Lakini jua kazi yake. Yule konokono mkubwa wa bahari ambaye ganda lake hupigwa kama baragumu ni adui wa kiti cha pweza mwenye miiba, naye huyo mwenye miiba hula matumbawe yaliyo hai. Mwondoe konokono ili akae juu ya sinki, nawe umeondoa mlinzi mmoja wa mwamba. Mwamba ukifa, samaki huhama. Samaki wakihama, mvuvi wa Bodo hurudi na dema tupu. Kwa kasa, sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 humlinda yeye na nyara zake. Si mbali na Bodo, karibu na Shimoni na Wasini, bahari ya Kisite imehifadhiwa tangu miaka ya 1970, na watu husafiri kutoka nchi za mbali waione hai. Pambo liuawalo ili lipambe limekufa mara mbili: mara ya kwanza baharini, mara ya pili ukutani, ambako baada ya mwezi hapana alitazamaye tena.

Hata mikoko yenyewe yatufundisha jambo hili. Boriti ni kitu chema, na vyumba vya mawe vya zamani vilipata upana wake kutokana na urefu wa boriti, ndiyo maana vilikuwa vyembamba na virefu. Mjenzi hakuulazimisha mti uwe mrefu kuliko ulivyo. Alikifupisha chumba kwa kipimo cha mti. Lakini biashara ilipokuwa kubwa na miti kupungua, Kenya ilikataza mwaka 1982 kupeleka boriti nchi za nje. Mwenye chumba na afuate adabu ya yule mjenzi: apime tamaa yake kwa kile ambacho mahali pale paweza kutoa bila ya kufilisika.

Msomaji wangu, huenda wewe huna nyumba ya kupamba, wala ya makuti wala ya mawe. Una kitanda kimoja bwenini, na msalani mwa shule mnamotumia watu mia. Usiseme kuwa maneno haya yangoje utakapokuwa mtu mzima. Tazama kuta za msala wa shule yako. Kama zimeandikwa matusi, jiulize ni nani aliyeyaandika. Si mwizi aliyetoka mbali. Ni mwanafunzi aliyejua kuwa pale hapana aonaye. Mtu huyohuyo darasani huandika kwa hati safi, kwa kuwa mwalimu atasahihisha. Mtihani wake wa darasani apasi. Mtihani wa msalani ameanguka, nao ndio utakaomfuata maisha yake yote, kwa kuwa sehemu kubwa ya maisha haina msimamizi. Ofisini atakuwa na mlango wa kufunga, na katika mlango huo atafanya kama alivyofanya katika ule wa kwanza.

Na mlango wenyewe wa msala ni pambo kubwa kuliko mapambo yote yake. Mlango unaofungika kwa komeo huhifadhi faragha ya binadamu, hasa ya msichana, ambaye kwa kukosa mlango huo na maji ya kutosha huenda akakosa masomo siku kadhaa za kila mwezi. Shule inayopaka rangi lango lake la mbele na kuacha milango ya msala wa wasichana ikining'inia imefanya kinyume cha nyumba za Lamu: imepamba barabara na kuwasahau wakaao ndani. Ukiwa kiongozi wa wanafunzi, anza na komeo. Rangi ya lango yaweza kungoja.

Inabaki sababu moja, nayo ndiyo ya mwisho na ndiyo nzito. Barazani twakaa tukiwa wazima. Tunavaa vizuri, twasema vizuri, na tukichoka kuigiza twainuka na kuingia ndani. Lakini siku huja ambapo mtu hawezi tena kutoka barazani. Homa humlaza, au uzee, au kuzaa, au kufa. Na tangu siku hiyo dunia yake yote ni dari moja, ukuta mmoja, dirisha moja, na njia fupi ya kwenda chooni ambayo huipita akishikwa mkono. Huyo ndiye mtazamaji wa kweli wa chumba cha ndani, naye hukitazama kwa muda mrefu kuliko mgeni yeyote. Ataona kama boriti zimefutwa vumbi. Atajua kama dirisha laelekea mti au laelekea jaa. Atanusa asmini akiwekewa, na atanusa uchafu usipoondolewa. Hawezi kulalamika sana, na pengine hatataka. Kwa ajili yake, na kwa kuwa kila mmoja wetu atakuwa yeye siku moja, chumba cha ndani kina haki ya pambo letu lililo bora.

Basi fanya hivi. Anza na choo: kioshe, ukipe mlango, uweke maji na kata mahali ambapo mkono wa mzee waweza kufika. Ingia chumbani: toa kile kisichotumika, ziba tundu la chandarua, kaza kamba za kitanda, fungua dirisha. Baada ya hayo tafuta kitu kimoja kizuri, kisichoibwa baharini wala kwa mtu, nacho ukiweke pale ambapo macho ya mwenye kulala yatakikuta aamkapo. Kisha toka, ukaufunge mlango kwa upole, wala usimwambie mtu.